Barua ya wazi kwa serikali: Waogiek si wavamizi wa Mau, hukumu ya Arusha iko wapi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mazingira na Misitu, Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Mwanasheria Mkuu, wakubwa wa shirika la misitu KFS, magavana wa Narok na Nakuru, na mtu yeyote pale Nairobi ambaye faili yetu iko kwa droo yake,

Salamu kwanza. Sitawaandikia kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, nawaandikia vile tunaongea huku, na sitazunguka mbuyu. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha iliwaambia mtupimie sisi Waogiek, watu wa asali na uwindaji, ardhi yetu ya msitu wa Mau huku Bonde la Ufa, muweke mipaka na mtupee hati miliki ya pamoja, sisi kama jamii, na ikawapea miaka miwili. Miaka miwili iliisha 2024. Mimi sijaona sorovea. Jirani yangu hajaona sorovea. Wale tumeona ni askari wa misitu na mashoka.

Kwa wale wameingia ofisini juzi na hawajui tulitoka wapi wacha niwakumbushe haraka. Oktoba 2009 KFS walitoa notisi ya siku 30, kila mtu atoke Mau, na hapo ndani ya hiyo notisi hakukuwa na tofauti ya mtu alinunua shamba 1998 kutoka kwa mwanasiasa na mtu ambaye babu ya babu yake alizikwa hapo kabla hata mzungu hajachora ramani. Sote tuliambiwa ni wavamizi. Watu wetu pamoja na OPDP, shirika la kutetea Waogiek, na mashirika mengine wakapeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, Tume ikaona mambo ni mazito ikapeleka kesi kwa Mahakama 2012, Machi 2013 Mahakama ikasema kila kitu kisimame kwanza, halafu 26 Mei 2017 ikatoa hukumu yenyewe: Kenya imevunja vifungu 7 vya Mkataba wa Afrika. Ardhi, dini, utamaduni, maendeleo, kubaguliwa, yote imo. Ilikuwa mara ya kwanza hiyo mahakama kuamua kesi ya jamii asilia, kwa hivyo jina la nchi yetu liko kwa vitabu vya sheria dunia nzima na si kwa sababu nzuri.

Sasa kuna kitu ndani ya ile hukumu ya 2017 ambacho naona mnakiruka kila mara mkiongea na waandishi wa habari. Nyinyi mlienda Arusha mkasema tunatolewa ili msitu upone. Majaji wakaangalia ripoti, na nyingine ni zenu wenyewe, wakasema hapana, Mau iliharibiwa sana na watu wengine walioingia, na serikali kukata vipande vya msitu ikigawia watu makazi, na leseni za kukata mbao zilizotolewa vibaya. Hawakuona ushahidi kwamba Waogiek ndio walimaliza msitu. Hii si maneno yangu ya kijiweni, iko kwa hukumu, mwambieni wakili wenu awasomee.

Na kila mtu wa huku anajua hiyo ni kweli. Mau ni karibu hekta 400,000, na ripoti ya jopokazi la serikali yenyewe ya 2009 ilionyesha zaidi ya hekta 100,000 zilikuwa zimeenda kwa miaka kama ishirini hivi. Mwaka wa 2001 peke yake mlikata zaidi ya hekta 35,000 kutoka Mau Mashariki kwa kalamu tu, tangazo la gazeti la serikali, kwisha. Wakati huo mlisema ati ni ya kuwapatia makao watu wasio na ardhi, na Waogiek tukawa kwa hiyo orodha kama mapambo. Mashamba mazuri yalienda kwa wakubwa na watu wa wakubwa, tume ya Ndung'u ya 2004 ilichunguza huo ugawaji wote wa ardhi ya umma. Sasa niambieni, hizo hekta 35,000, ni Mwogiek gani alizikata na panga?

Wacha nieleze vile sisi tunakaa na msitu kwa sababu naona kuna watu ofisini wanadhani ni kuzurura tu chini ya miti ukisaka swara. Ardhi ya Ogiek imegawanywa kwa koo, na kila ukoo una kipande kirefu ambacho kinaanzia huku chini kwa joto kinapanda mpaka kule juu kwa mianzi na baridi. Kwa nini kirefu hivyo? Nyuki. Maua hayachanui pamoja. Huku chini yakiisha nyuki wanahama kupanda, miezi kadhaa baadaye wanarudi, na mtu mwenye mizinga anawafuata. Ukoo ukipoteza katikati ya kipande, ile sehemu ya juu na ile ya chini zote zinakuwa bure, hata kama kwa karatasi bado uko na ekari zako. Mzinga unachongwa na gogo la mtarakwa, unapasuliwa mara mbili unatolewa moyo unafunikwa tena, na mtarakwa hauozi haraka kwa hivyo mzinga wa mzee unaweza kurithiwa na mjukuu. Unapandishwa juu ya mti mkubwa wenye matawi ya kushika. Sasa fikiria kidogo tu. Mtu ambaye mali yake yote iko juu ya mti mkubwa, wenye maua, wa zamani, atakata huo mti kwa nini?

Na mti wa kupandwa na KFS je? Paini na saiprasi. Mistari mirefu mizuri kwa picha ya ndege, lakini nyuki wanapita tu, hakuna asali hapo, mti wa paini unatoa vumbi linalopeperushwa na upepo basi. Chini yake hata majani ya dawa hayamei. Mnatutoa kwa msitu wa maua mnapanda kiwanda cha mbao, halafu takwimu zinasema misitu imeongezeka. Imeongezeka sawa, lakini kaulize nyuki.

Hata hiyo si ndio inaniuma zaidi. Mnakumbuka PELIS, ile tulikuwa tunaita mfumo wa shamba? Mtu anatoka mjini, analipa kidogo, anapewa kipande ndani ya msitu wa serikali analima viazi katikati ya miche mpaka miti ikue. Huyo ni halali. Ana risiti. Mzee wa Ogiek akiwa na kijishamba cha viazi nyuma ya nyumba yake pale pale alipozaliwa, huyo ni mvamizi. Nani hapa ameelewa anielezee pole pole.

Novemba 2023 ndio sitasahau na naomba na nyinyi msisahau. Septemba mlikuwa na mkutano mkubwa wa tabianchi hapo KICC Nairobi, marais wamekuja, hotuba tamu tamu kuhusu jamii za Afrika kulinda misitu. Miezi miwili haijaisha, kuanzia tarehe 2 Novemba, askari wa misitu na polisi wako Sasimwani, Narok, wanabomoa nyumba na kuchoma zingine, karibu watu 700 wa jamii yetu wakabaki nje. Mvua ya El Niño ilikuwa inanyesha. Watoto wa KCSE walikuwa kwa mitihani. Vitu ambavyo watu waliokoa ni vile vya kubebeka na mkono mmoja kwa sababu mkono wa pili una mtoto: godoro limelowa, sufuria, mabati ambayo mtu anajaribu kuchomoa misumari mwenyewe kabla shoka halijafika kwa sababu bati lenye shimo la shoka halina bei. Hicho kitu cha misumari nimekiona kwa macho, mama mzima anang'oa nyumba yake haraka haraka ndiyo apate kuokoa mabati kumi. Halafu tarehe 13, siku kumi na moja tu baadaye, mkatangaza sikukuu ya taifa nzima ya kupanda miti, miche milioni 100 kwa siku moja, kila mtu na jembe na kamera. Kuna mahali pengine duniani serikali imewahi kufanya hivi kwa mwezi mmoja? Mimi nauliza tu.

Na si Mau peke yake. Ndugu zetu Wasengwer kule Embobut, milima ya Cherangany, wamechomewa nyumba miaka na miaka, 2014 ikawa kubwa zaidi, serikali ikatoa shilingi 400,000 kwa familia ndiyo watoke, kana kwamba mtu anauza ng'ombe. Kulikuwa na mradi wa Umoja wa Ulaya wa kulinda hizo chemchemi za maji, euro milioni 31, mpaka Januari 2018 mtu wa Sengwer akapigwa risasi akafa ndani ya msitu, ndio Wazungu wakasimamisha pesa zao. Yaani ilibidi mtu afe. Na wafadhili, kwa vile najua nyinyi pia mnasoma hizi barua, msijifiche nyuma ya serikali. Mkilipia mafuta ya gari la askari wa misitu, na sare, na redio za mawasiliano, ulizeni hiyo gari inaenda kufanya nini. Usimame na kuuliza kabla, si baada ya mazishi.

Najua jibu lenu la kawaida. Mtasema Katiba inasema msitu uliotangazwa na serikali ni ardhi ya umma, kifungu cha 62. Sawa, tumesoma. Sasa geuzeni ukurasa, kifungu cha 63, kinasema ardhi ya jamii ni pamoja na ardhi ya mababu na ardhi ambayo jamii za wawindaji na wakusanyaji wamekaa tangu jadi. Katiba ni hiyo hiyo moja ya 2010, wino ni huo huo. Wakenya walijua kabisa wanaongea juu ya nani walipoandika hiyo, si Wakenya wa Mombasa mjini, ni sisi, na Wasengwer, na Wayaaku, na Waaweer wa Lamu. Na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilitungwa ndiyo hiyo kitu ifanye kazi. Sheria iko, hukumu iko, kitu hakuna ni nia.

Jibu la pili ambalo tumezoea: ati siku hizi Ogiek si wale wa zamani. Ati tunavaa jinzi, tuna simu, tunalima viazi, tuna nyumba za mabati, kwa hivyo hiyo mambo ya asili imeisha. Hii hoja ni ya zamani sana, hata mahakama yetu hapa Kenya ilitumia kitu kama hicho Machi 2000 kwa ile kesi ya Waogiek wa Tinet, ikasema wameshaingia maisha ya kisasa. Jamani. Mmasai akiwa na M-Pesa bado ni Mmasai. Mgiriama akipanda ndege bado kaya, msitu mtakatifu wa wazee wake, ni yake. Ni sisi tu ndio tunatakiwa tukae na ngozi ya pimbi begani milele ndiyo tuthibitishe tulizaliwa wapi. Na ukiangalia vizuri nani alifanya tulime? Wakoloni walianza, tume yao ya ardhi ya Carter ya miaka ya 1930 ilipendekeza tutolewe msituni tukachanganywe na makabila makubwa yaliyo karibu, tusiwe hata na ardhi yetu. Baada ya uhuru mkaharamisha uwindaji. Halafu mkafunga msitu. Halafu mnashangaa tunalima viazi.

Na kuna hii inanichekesha ingawa haichekeshi. Mnatuita wavamizi lakini Mariashoni ni wadi, iko na MCA, mwakilishi wake kwa bunge la kaunti. Nessuit ni wadi. Kuna machifu mnaowalipa mshahara, kuna shule za msingi, kuna vituo vya kupigia kura na kila miaka mitano nyinyi wenyewe mnapanda huku na helikopta mnatuita watu wangu watu wangu. Kura ya mvamizi inahesabiwa, nyumba ya mvamizi inachomwa.

Sitawadanganya kwamba sisi sote ni malaika. Kuna Waogiek wamechoma makaa. Kuna waliouza kwa wageni vipande ambavyo hata havikuwa vyao peke yao, mzee anapewa pesa ya haraka na pikipiki, anaweka kidole kwa karatasi, na mwaka ujao ukoo mzima unashangaa ua limetoka wapi. Hii iko, wazee wetu wenyewe wanaiongea kwa mikutano na hasira. Lakini ndio maana tunasema hati ya pamoja na si ekari tano tano kwa kila mtu vile maafisa wengine wanapenda kupendekeza. Ukinipa ekari tano na taito yenye jina langu, shida ya kwanza ya hospitali nitaiuza, si kwa ubaya, kwa shida. Baada ya miaka kumi hakuna Ogiek, kuna wapangaji. Hati ya jamii haiuzwi na mtu mmoja. Hii ndio Mahakama iliagiza, hati ya pamoja, na mimi naona waliona mbali kuliko hata baadhi ya viongozi wetu.

Halafu wale waliouziwa na kupewa na wanasiasa, wengi wao Wakipsigis maskini wa kawaida, nao pia wamefukuzwa 2018 na 2019 na watoto wao wamelala nje kwa baridi. Sisi hatufurahii hiyo. Aliyewauzia hajawahi kulala nje hata siku moja. Mkifika kuweka mipaka mtatukuta tayari kuongea nao, tumeoana, tunajuana, lakini msituache sisi na wao tupigane huku juu ya kitu ambacho mlikichanganya nyinyi.

Kuhusu pesa. Mahakama ilisema mlipe shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa uchungu, ziingie kwa mfuko wa maendeleo wa jamii ndani ya mwaka mmoja. Jumla ni 157,850,000. Sensa ya 2019 ilihesabu Waogiek 52,596. Chukueni kalkuleta mgawanye. Inakuja elfu tatu na shilingi moja hivi kwa kila mtu. Elfu tatu! Kwa karne ya kufukuzwa. Hata hivyo hatujakataa, tumesema sawa, wekeni kwa mfuko kama ilivyoagizwa tujenge shule na zahanati. Kwa hivyo mkisema bajeti imebana, nchi ina deni, tafadhali, hiyo ni pesa ambayo wizara moja inamaliza kwa safari na semina. Na pesa yenyewe si ndio kitu kikubwa. Tukipewa pesa bila ardhi tutakula tumalize halafu mje mtufukuze tukiwa tumeshiba.

Na sasa kuna hii biashara mpya ya kaboni, msitu unauzwa hewani, kampuni zinakuja na makaratasi. Sisi hatuna shida na kaboni, kama kuna mtu anataka kulipa kwa sababu miti imesimama, sawa, sisi ndio tumekaa nayo imesimama. Lakini mtu asiye na hati haketi kwa meza. Ataketi nje ya hema akingoja soda. Na ndio maana watu wengi huku wanaamini, iwe kweli iwe si kweli, kwamba haraka ya kututoa na huu mchezo wa kaboni vimeingia kwa mlango mmoja. Mkitaka huo uvumi uishe dawa yake mnayo.

Kwa hivyo tunataka nini, kwa lugha rahisi. Kwanza hakuna mtu atolewe, nyumba ichomwe, mpaka hukumu itekelezwe. Mliambiwa hivyo tangu 2013 na hamna sababu ya kusema hamkusikia. Pili, mlete masorovea, na waje na wazee wa koo, si na machifu peke yao. Wazee wanajua mpaka uko wapi, ni mto fulani, ni mti fulani, ni bonde, na majina yapo. Wakianza Sasimwani itakuwa vizuri kwa sababu pale ndio kidonda bado kibichi. Tatu, mfuko wa jamii ufunguliwe, na kamati yake iwe na wanawake, hapa nawaambia pia wazee wangu wasijifanye hawajasikia. Nne, mliunda jopokazi mwisho wa 2017 kuhusu jinsi ya kutekeleza hukumu, likazunguka Mau lote, watu wetu wakasimama kwa mvua kutoa maoni, wazee wengine wakaeleza mambo ambayo hata watoto wao hawakuwa wamewahi kusikia, na hao wazee wengine wamekufa sasa. Ile ripoti haikutolewa kwa umma. Iko wapi? Ilipikwa na pesa ya walipa kodi na maneno yaliyomo ni yetu. Kama inasema kitu hamkipendi, itoeni hivyo hivyo, tutabishana nayo.

Mtu wa msitu wa Mau hawezi kuwa adui wa Mara, wa Sondu, wa Njoro, hiyo mito inatoka mlangoni kwetu, na ikikauka nyinyi mtasikia kwa redio sisi tutakuwa tumeshabeba mitungi. Kama mnaogopa tukipewa hati tutakata, andikeni masharti ndani ya hati: hakuna makaa, hakuna kuuza, miti ya asili haiguswi, mizinga ruhusa. Tutaweka sahihi hata leo jioni. Masharti hayo ni mepesi kuliko yale wazee wa koo walikuwa wanatuwekea wenyewe.

Barua hii imenakiliwa kwa wabunge wa Narok Kusini, Njoro na Molo, na kwa Seneti. Majibu myalete baraza la Sasimwani, mchana, bila bunduki, na mje na ile ripoti ya jopokazi mkononi.

Mwogiek wa Mau